Kutoka Kupulizia hadi Kufuga: Utitiri Wawindaji katika Historia ya Kilimo cha Arusha

Historia ya udhibiti wa visumbufu vya mimea katika eneo la Arusha husimuliwa zaidi kama historia ya viuatilifu. Sababu iko wazi: Ngaramtoni, chini ya Mlima Meru, ndiko ilikojengwa Taasisi ya Utafiti wa Viuatilifu ya Ukanda wa Joto, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Insha hii inadai kuwa historia hiyo ina upande wa pili, yaani ufugaji wa viumbe wanaokula visumbufu, na kwamba swali lake la msingi ni nani anayebeba gharama za ufugaji huo.

Mfano wa kwanza unatoka nje ya Arusha. Mwaka 1971 utitiri wa kijani wa muhogo, mwenye asili ya Amerika Kusini, alibainika nchini Uganda, kisha akaenea katika nchi nyingi za Afrika. Watafiti walimfuata adui wake huko huko alikotoka. Utitiri mwindaji Typhlodromalus aripo, aliyeletwa kutoka Brazili, aliachiwa Benin mwaka 1993 na kustawi. Hujificha katika ncha za muhogo na hula pia chavua. Hivyo hudumu hata mawindo yanapopungua. Gharama zilibebwa na utafiti wa umma, na mkulima hakununua chochote.

Hali ni tofauti katika vitalu nyumba vya waridi vya Usa River na Tengeru. Joto na ukavu huwaneemesha utitiri wekundu, ambao hupata usugu haraka wanapopuliziwa dawa mara kwa mara. Adui wao mashuhuri ni Phytoseiulus persimilis, aliyegunduliwa Ujerumani mwaka 1958 kwenye okidi zilizotoka Chile. Huyu hula utitiri wa jamii hiyo pekee. Akishawamaliza, hufa njaa. Kwa hiyo hana budi kufugwa upya kila mara, kwa hatua tatu zinazotenganishwa: maharagwe safi, maharagwe yenye utitiri wekundu, kisha wawindaji. Wawindaji wakipenya mapema katika hatua ya pili, chakula chao huisha na ufugaji wote huanguka.

Tofauti hii ya kibayolojia imezaa tofauti ya kijamii. Mwindaji wa muhogo amekuwa mali ya wote. Wa waridi amebaki bidhaa, inayozalishwa na makampuni kama yale ya Thika na Naivasha nchini Kenya. Mkulima wa nyanya wa Ngarenanyuki, asiye na kitalu nyumba, hubaki na chupa ya dawa dukani, na dawa hiyo huweza kuua hata wawindaji wa asili waliomo shambani mwake.

Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda mamlaka moja ya afya ya mimea na viuatilifu, yenye makao yake Arusha. Mabadiliko hayo yatakuwa na uzito wa kihistoria iwapo ufugaji, kama ilivyokuwa kwa muhogo, utahesabiwa kuwa huduma kwa mkulima mdogo, badala ya kuachwa kuwa biashara ya wenye vitalu nyumba pekee.