Paspoti ya Mama Afrika

Leo nianze na swali: ni wangapi kati yenu mnajua kwamba Miriam Makeba, yule Mama Afrika wa Pata Pata, aliwahi kusafiri kwa paspoti ya Tanzania? Wengi wetu tunamjua kwa Malaika, na vijiweni hatuishi kubishana wimbo ule hasa ulitungwa na nani. Lakini ni habari ya paspoti iliyonitoa Dar mwaka jana kwenda Bondeni kuiona nchi yake, mimi na rafiki yangu mmoja wa Morogoro.

Rafiki yangu huyu alikuwa na sababu yake zaidi ya muziki. Mama yake ni Mluguru. Baba yake alikuwa mkimbizi wa Afrika Kusini, mmoja wa vijana wa ANC waliokuwa Mazimbu. Kwa wasiojua, mwaka 1977 serikali yetu iliwapa ANC shamba la zamani la mkonge pale Mazimbu, wakajenga shule na kuipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na Makaburu tarehe 6 Aprili 1979. Julai 1992 eneo lilikabidhiwa kwa Tanzania, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine. Wapigania uhuru walirudi kwao kwa shangwe. Baadhi yao waliacha wanawake na watoto nyuma. Rafiki yangu alikuwa hajaanza hata kutembea. Alichoachiwa ni picha moja, anwani moja ya Soweto na kanda mbili za Makeba. Kanda hizo mama yake alizipiga mpaka zikakatika.

Sasa tumrudie Makeba mwenyewe. Alizaliwa tarehe 4 Machi 1932 katika kitongoji cha Prospect, Johannesburg. Mama yake alikuwa Mswazi, mganga wa jadi, na baba yake Mxhosa. Mtoto akiwa na siku 18 tu, mama alikamatwa kwa kosa la kupika pombe ya kienyeji, maana sheria ilimkataza Mwafrika kupika pombe. Hakuwa na pesa ya faini, kwa hiyo akafungwa miezi sita na kichanga chake. Yaani Mama Afrika alianza maisha gerezani.

Tulikwenda Constitution Hill, palipokuwa na magereza ya zamani ya Johannesburg. Kuna gereza la wanawake lililofunguliwa mwaka 1910. Winnie Mandela alifungwa pale, Albertina Sisulu pia, lakini wengi waliopita mle walikuwa akina mama wa kawaida tu, waliopika pombe au waliokamatwa kwa habari ya vipande. Magereza yale yalifungwa mwaka 1983. Mwaka 2004 Mahakama ya Katiba ilifunguliwa hapo hapo, na baadhi ya matofali ya jengo la mahabusu yalitumika kuijenga. Unaweza kuyagusa kwa mkono.

Kutoka hapo tukaenda Sophiatown. Miaka ya hamsini hapa ndipo muziki wa Johannesburg ulipochemka, na Makeba alikuwa binti anayeimba na Manhattan Brothers, kisha na kundi la wasichana watupu, Skylarks. Tarehe 9 Februari 1955 wakaja askari 2,000 na malori, wakaanza kuwahamisha watu kwa nguvu kuwapeleka Meadowlands, Soweto. Nyumba zilibomolewa, wakajengewa wazungu, na mahali pakaitwa Triomf, yaani Ushindi. Jina la Sophiatown lilirudishwa rasmi mwaka 2006. Nyumba ya Dk. A. B. Xuma, aliyekuwa rais wa ANC kuanzia 1940 hadi 1949, ni moja ya chache sana zilizonusurika, na sasa ni makumbusho.

Karibu na hapo kuna kanisa la Christ the King, ambako yamezikwa majivu ya Padri Trevor Huddleston. Watu wa Mtwara mtalikumbuka jina hilo, maana ndiye aliyekuwa Askofu wa Masasi kuanzia 1960 hadi 1968. Kabla ya kuja kwetu aliwapigania watu wa Sophiatown wasihamishwe. Ndiye pia aliyempatia kijana Hugh Masekela tarumbeta yake ya kwanza, na Masekela baadaye akaja kuwa mume wa Makeba. Wamakonde na watu wa Sophiatown walikuwa na padri mmoja, nasi hatusimuliani!

Mwaka 1959 Makeba alitoka kwao kwenda kuimba Ulaya na Marekani. Machi 1960 polisi waliua watu 69 Sharpeville, na mwaka huo huo mama yake akafariki. Alipokwenda kwenye ubalozi mdogo kuomba kurudi kuzika, paspoti yake ikapigwa mhuri: imefutwa. Mwaka 1963 alizungumza Umoja wa Mataifa dhidi ya ubaguzi, na Makaburu wakamvua uraia na kupiga marufuku santuri zake.

Hapo ndipo nchi nyingine zikafungua milango, na Tanzania ya Mwalimu Nyerere ilikuwa mojawapo. Haikuwa mara ya kwanza. Mandela alipotoroka kwao Januari 1962 alipitia kwetu, na akaendelea na safari yake Afrika kwa barua iliyoandikwa na serikali ya Tanganyika. Nchi yenyewe ilikuwa na mwezi mmoja tu tangu ipate uhuru, fedha hakuna, lakini karatasi ilikuwapo. Makeba alikuja kumiliki paspoti za nchi nyingi. Nchi yake ilikuwa haimo. Alirudi nyumbani tarehe 10 Juni 1990, baada ya miaka 31, akiwa na paspoti ya Ufaransa. Aliingia alikozaliwa kama mgeni.

Siku ya mwisho tulikwenda Meadowlands na ile anwani. Nyumba ipo, lakini wanakaa watu wengine. Wakatuelekeza kwa bibi mmoja jirani. Alitukaribisha chai, akaitazama ile picha kwa muda mrefu. Alisema familia ile ililetwa na malori kutoka Sophiatown. Kijana wao alitoweka baada ya ghasia za wanafunzi za 1976, akarudi utu uzima, akakaa kidogo, kisha akaondoka tena kutafuta kazi. Hajulikani alipo. Tulipoaga, bibi alimshika mkono rafiki yangu akamwita kwa jina la ukoo wa baba yake, kama wanavyoitana kwa heshima kule. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Njia nzima ya kurudi mjini hakusema neno.

Ukiuliza sheria, rafiki yangu hana chake Afrika Kusini. Jina la baba halikuandikwa kwenye cheti chake cha kuzaliwa, na bila karatasi ataanzia wapi kudai? Makeba alifutiwa karatasi aliyokuwa nayo. Huyu hakuandikiwa kabisa, na waliomwacha ni wapigania uhuru wenyewe. Hilo halifuti ushujaa wao, lakini nalo ni sehemu ya historia ya ukombozi, na kwenye hotuba za maadhimisho sijalisikia likitajwa.

Makeba alifariki Novemba 2008 huko Castel Volturno, Italia, muda mfupi baada ya kushuka jukwaani. Alikuwa ameimba kumuunga mkono Roberto Saviano, mwandishi aliyetishiwa kuuawa na mafia. Mpaka siku ya mwisho aliimba kwa ajili ya watu wasio na pa kukimbilia.

Ndugu zangu wa Morogoro, wa Mazimbu na Dakawa: akina mama waliobaki bado wapo, lakini umri umekwenda. Wakalieni karibu, waulizeni majina, yaandikeni. Rafiki yangu ameshaanza na mama yake. Daftari la kwanza limejaa.

Tuonane wiki ijayo.