Joan Trotter: Marehemu aliyewagawa mashabiki wa Only Fools and Horses

Jumapili ya tarehe 24 Januari 2010, zaidi ya Waingereza milioni 7 walikaa mbele ya runinga kumtazama mwanamke waliyekuwa wakisimuliwa habari zake kwa karibu miaka 30 bila kumsikia akitamka neno. Jina lake Joan Trotter, mama mzazi wa Del na Rodney, ndugu wawili wachuuzi wa mtaa wa Peckham, kusini mwa London. Tamthilia yenyewe iliitwa Rock & Chips, nayo ilisimulia mambo yaliyotokea miaka 20 kabla ya Only Fools and Horses, vichekesho vya BBC vya ndugu hao, kuanza. Usiku ule ule mashabiki wakagawanyika. Wako waliosema hadithi wanayoipenda imetiwa doa. Wengine walisema hatimaye imepata mizizi. Mjadala huo haujaisha hadi leo, na ukiufuatilia utaona kwamba ndani yake mna historia nzima ya namna Waingereza walivyoipenda familia moja ya kubuni.

Kijana wa Balham na machinga wake

Only Fools and Horses ilianza kuonyeshwa na BBC tarehe 8 Septemba 1981. Mwandishi wake, John Sullivan, alikuwa mtoto wa fundi bomba wa Balham, mtaa mwingine wa kusini mwa London. Aliacha shule akiwa na miaka 15 bila cheti chochote, akafanya vibarua vya kila aina, kisha akaingia BBC kama mbeba mapambo ya studio. Aliitaka kazi hiyo ili awe karibu na watu wenye uwezo wa kusoma miswada yake. Mpango huo ulimfaa: mwaka 1977 BBC ilipokea vichekesho vyake vya kwanza, Citizen Smith. Vilipomalizika mwaka 1980 alihitaji hadithi mpya, akaitafuta kwa watu aliokua nao, wale wauzaji wa sokoni wenye ulimi mtamu na bidhaa zisizoulizwa zilikotoka.

Hapo ndipo alipozaliwa Del Boy, aliyeigizwa na David Jason. Del ni machinga hasa. Anafungua sanduku lake kando ya barabara, anatandaza mali yenye kasoro, huku jicho moja likimtafuta mteja na jingine likimtafuta askari. Kodi halipi, na ruzuku ya serikali haombi. Gari lake ni la manjano, lina magurudumu matatu, na ubavuni limeandikwa New York, Paris na Peckham kana kwamba miji hiyo ni matawi ya kampuni moja. Kila biashara inapoharibika humwahidi mdogo wake Rodney, aliyeigizwa na Nicholas Lyndhurst, kwamba mwakani wakati kama huu watakuwa mamilionea. Wanaishi na babu yao, aliyeigizwa na Lennard Pearce, katika ghorofa la halmashauri liitwalo Nelson Mandela House. Sullivan aliliita jengo hilo kwa jina la Mandela wakati Mandela mwenyewe yuko kifungoni Robben Island, katika kipindi ambacho halmashauri za London zenye mrengo wa kushoto zilikuwa zikiwaenzi wapigania uhuru wa Afrika.

Msimu wa kwanza haukupata watazamaji wengi. Vipindi viliporudiwa ndipo watu walipoanza kunong'onezana, na idadi ikapanda mwaka hadi mwaka. Mwaka 1982 walicheka Del na Rodney walipotandaza shuka chini ya taa kubwa ya vioo katika jumba la lodi, wakingoja kuidaka, na babu yao huko juu akalegeza ya pembeni. Mwaka 1989 walicheka Del alipoegemea kaunta ya baa kwa maringo bila kujua kwamba sehemu ile imeshafunguliwa. Tarehe 29 Desemba 1996 watazamaji zaidi ya milioni 24 waliwashuhudia ndugu hao wakitajirika hatimaye, baada ya saa kuukuu iliyokuwa ikikaa gereji kwao kuuzwa mnadani kwa pauni milioni 6.2. Hakuna vichekesho vingine vya Uingereza vya aina hiyo vilivyowahi kufikia idadi hiyo. Mwaka 2004, BBC ilipowaomba watazamaji wachague vichekesho bora kuliko vyote nchini, kura zikaangukia huko huko Peckham.

Msiba ulikuwamo tangu mwanzo

Anayeikumbuka tamthilia hii kwa taa iliyoanguka na kaunta peke yake ameikumbuka nusu. Desemba 1984 Lennard Pearce alifariki dunia wakati msimu wa nne ukirekodiwa. Sullivan angeweza kumweka mwigizaji mwingine avae kofia ya babu na maisha yaendelee. Badala yake aliandika mazishi. Taifa likamlilia babu, kisha likacheka makaburini, Del na Rodney walipoitupa kofia yake kaburini kwa heshima zote na baadaye wakagundua ilikuwa ya padri. Tangu hapo mashabiki walijua kwamba mwandishi huyu haogopi kuweka kilio na kicheko katika chumba kimoja.

Na kilio kikubwa kuliko vyote kilikuwa cha mama. Joan alishakufa mwaka 1964, miaka 17 kabla ya kipindi cha kwanza, akamwacha Rodney akiwa mtoto mdogo mikononi mwa kaka yake. Del humtaja kila mara. Akitaka Rodney akubali jambo, atasema mama aliliusia akiwa kitandani anakata roho, na wosia huo hubadilika kulingana na haja ya siku. Humkumbuka akiwa baa ya Nag's Head, na koti lake la manyoya ya bandia na glasi ya ramu mkononi. Mwaka 1982 Del alikwenda kulipaka rangi upya kaburi lake, asijue kwamba rangi aliyoipata kwa njia za panya ni ile ya kung'aa gizani. Usiku kaburi likawaka. Watu walivunjika mbavu. Lakini kijana anayelipaka rangi kaburi la mama yake hafanyi mzaha. Uchungu wenyewe ulikuwa wa kweli.

Pamoja na mama kulikuwa na fumbo la baba. Krismasi ya 1983, Reg Trotter aliyeitelekeza familia alirudi ghafla na kuzusha maneno kuhusu damu ya nani ni ya nani. Krismasi ya 1987 likaingia jina jipya, Freddie Robdal, mwizi mtanashati aliyewahi kuwa na ukaribu na Joan na aliyekufa mwaka 1963 akivunja posta. Wazee wa mtaa wakatupa maneno ya mafumbo. Rodney akauliza, Del akamkatia kauli.

Miaka ambayo wengi hawakuitaka

Kwa mashabiki wengi hadithi iliisha Desemba 1996. Ahadi ya umilionea ilitimia, ndugu wawili na mjomba Albert, aliyekuwa amechukua nafasi ya babu, wakatembea kuelekea machweo. Sullivan alipoirudisha familia hiyo Krismasi ya 2001, ikiwa imefilisika na kurejea katika ghorofa lile lile, wengi walinung'unika. Buster Merryfield aliyemwigiza Albert alikuwa amefariki mwaka 1999, na Kenneth MacDonald aliyemwigiza mwenye baa, mwaka 2001. Vipindi vya 2001, 2002 na 2003 hadi leo huwekwa mwisho kabisa kila mashabiki wanapopanga vipendwa vyao.

Hata hivyo ni katika kipindi cha mwisho kabisa, Krismasi ya 2003, ambapo Rodney alitazama picha ya zamani ya wanaume wa Peckham wakiwa matembezini na kuiona sura yake mwenyewe katika uso wa Freddie Robdal. Del akakiri kwamba alijua miaka yote. Bila vipindi hivyo vinavyobezwa, tusingekuwa na tendo hilo la upendo: kaka aliyeficha siri kwa miongo minne ili mdogo wake asiione aibu. Na bila siri hiyo, Rock & Chips isingeandikwa.

Walichokiona mwaka 2010

Rock & Chips inaanza mwaka 1960. Joan, aliyeigizwa na Kellie Bright, anafanya kazi katika jumba la sinema chini ya meneja asiyejua kuzuia mikono yake. Mumewe Reg, aliyeigizwa na Shaun Dingwall, ni mvivu na mlevi. Baba mkwe wake, Babu yule yule akiwa bado na nguvu na kuigizwa na Phil Daniels, ni mzigo mwingine ndani ya nyumba. Del, akiigizwa na James Buckley, ni kijana wa shule mwenye njozi za biashara. Kisha anatokea Freddie, ametoka gerezani, ana suti nzuri na masikio ya kumsikiliza mwanamke. Anaigizwa na Nicholas Lyndhurst. Rodney wa zamani sasa ni baba wa Rodney. Kabla kipindi cha kwanza cha saa moja na nusu hakijaisha, mtoto amezaliwa.

Malalamiko ya waliochukizwa yanaeleweka. Kwanza, hakikuwa kichekesho. Hakuna sauti ya watazamaji wakicheka, mwendo ni wa taratibu, na mizaha imetawanyika kama mvua za vuli. Pili, hesabu za miaka hazikai sawa: umri aliotajiwa Rodney katika vipindi vya mwanzo haulingani vizuri na mtoto wa 1960, na shabiki aliyevirudia vipindi vyote mara nyingi huumizwa na jambo kama hilo. Tatu, wako walioona Joan amesafishwa mno, kwa kuwa dondoo za zamani zilimfanya mwanamke wa baa mwenye sifa zake mtaani. Na kuna wale wanaoshikilia kwamba fumbo lingeachwa fumbo, na kila mtu abaki na Joan wake kichwani.

Hoja hii ya mwisho ndiyo nzito, na ndiyo ninayoipinga. Joan wa kichwani alikuwa Joan wa Del. Tulimjua kupitia midomo ya mtoto aliyemfanya malaika na wazee waliomfanya kichekesho. Hakuna aliyewahi kutuonyesha mwanamke mwenyewe, aliyeamka alfajiri, akapanda basi, akamvumilia bosi, akarudi kupikia wanaume wawili wasiofanya kazi. Kellie Bright alimpa mwili na pumzi. Hata walioikataa tamthilia nzima kwa kawaida hukubali kwamba yeye na Lyndhurst waliigiza kwa kiwango cha juu.

Anayeitazama akimtafuta Del ataambulia patupu, kwa sababu Del hapa ni mtoto pembeni ya hadithi. Hii ni tanzia ya Joan, na mtazamaji anaingia akiwa ameshaujua mwisho wake. Joan anahangaika ili familia ipewe nyumba katika ghorofa jipya, na kwake ghorofa hilo ni ngazi ya kwanza ya maisha bora. Sisi tunajua kwamba wanawe watakwama humo humo kwa miaka 30 wakiota kuondoka. Anamwangalia mtoto wake mchanga kwa matumaini. Sisi tunajua kwamba amebakiza miaka michache tu, na Freddie pia. Hakuna mzaha unaoweza kuandikwa juu ya ujuzi huo bila kuusaliti, na Sullivan alilijua hilo.

Ukishaiona, vipindi vya zamani navyo hubadilika. Wosia wa uongo wa Del unaendelea kuchekesha, lakini sasa unasikika kama wa kijana aliyempoteza mtu pekee aliyemwamini na asiyetaka sauti yake inyamaze. Bidii yake ya kumlea Rodney inapata chanzo. Hata chuki yake kwa Reg, iliyoonekana mwaka 1983 kama ukaidi wa mtoto mkubwa, inapata haki yake.

Kazi isiyomalizika

Kipindi cha pili kilionyeshwa Desemba 2010 na cha tatu tarehe 28 Aprili 2011. Siku chache kabla ya hicho cha tatu, John Sullivan alifariki dunia baada ya kuugua nimonia, akiwa na miaka 64. Hadithi ikasimama mwanzoni mwa miaka ya 1960, Freddie akiwa hai na Joan akiwa hai. Mashabiki wanaosema Rock & Chips haifiki popote wanasahau kwamba mwandishi wake hakupewa muda wa kuifikisha.

Peckham ya Sullivan haikufa naye. Mwaka 2019 Only Fools and Horses ilipanda jukwaani London kama mchezo wa muziki, ulioandikwa na mwanawe Jim Sullivan pamoja na mchekeshaji Paul Whitehouse, na ukadumu hadi 2023. Mashabiki bado hukusanyika wakiwa na magari yao ya manjano ya magurudumu matatu, na bado wanabishana.

Kwa msomaji anayetaka kuijua familia hii kwa mara ya kwanza, ushauri wangu ni huu: usianze na mwaka 1960 kwa sababu tu ndio unaotangulia katika kalenda. Anza na ule wa 1981. Cheka kwanza, umzoee Del, uzizoee ahadi zake na wosia wake wa uongo. Fika 1996, vumilia hadi 2003, ndipo umkaribishe Joan. Rock & Chips haina hadhi ya kushindana na vichekesho bora vya karne iliyopita katika kuchekesha, wala haikuandikwa kwa ajili hiyo. Iliandikwa ili mwanamke mmoja apewe haki yake, na kwa kazi hiyo imefaulu.