Ugonjwa wa Davies: jina lilifika mbali, dawa je?

Wiki iliyopita niliweka video mbili. Ya kwanza, punda aliyegoma kupakiwa boti pale jeti: watazamaji 40,000 na kitu. Ya pili nimekaa barazani naeleza historia ya ugonjwa mmoja wa moyo: watazamaji 212, na nusu yao nadhani ni binamu zangu. Basi leo naandika, maana ile ya pili haijanitoka rohoni.

Nilipokuwa mdogo, mtaani kwetu hapa Lamu kulikuwa na kijana aliyevimba tumbo. Tumbo kama ngoma, miguu mikavu kama mti. Wapo waliosema minyoo, wapo waliosema karogwa. Alipelekwa huku na huku, akapewa vidonge vya kila rangi, akafa kabla ya kumaliza shule. Moyo wake haukupimwa hata siku moja. Nani angefikiria moyo, na kilichovimba ni tumbo?

Miaka ilipita. Nikiwa chuo (kabla sijaacha mwaka wa pili, hiyo stori mnaijua) nikakutana na jina la Jack Davies. Mwingereza, daktari wa patholojia pale Mulago, Kampala, miaka ya 1940. Kazi yake ilikuwa kupasua maiti kujua kilichoua. Akawa anakuta mioyo yenye kovu nene jeupe kwa ndani, kwenye vyumba vya chini. Moyo wenye kovu hautanuki vizuri kupokea damu, kwa hiyo damu inarudi nyuma, maji yanajaa tumboni. Mara nyingi tumbo linakuwa kubwa sana na miguu haivimbi kwa kiasi hicho. Niliposoma hapo nilifunga kompyuta nikatoka nje kidogo.

Davies hakuwa wa kwanza kabisa kuona kitu cha namna hiyo. Mwaka 1946 Bedford na Konstam walishaandika kuhusu wanajeshi Waafrika waliopata ugonjwa wa moyo usioeleweka wakiwa Mashariki ya Kati wakati wa vita. Lakini ni Davies aliyeueleza vizuri, mwaka 1948, kwenye East African Medical Journal. Jarida la kwetu, si la London. Na makala ile ilifika: vitabu vya udaktari vikauita ugonjwa wa Davies. Jina la kitaalamu ni endomayokadia faibrosisi, madaktari wanasema EMF.

Sasa hapa ndipo ninapogombana na watu. Watafiti wana hesabu zao za umaarufu, kama sisi na watazamaji wetu. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alitoa kipimo cha h: ukiwa na makala 20, kila moja imetajwa na wenzako angalau mara 20, h yako ni 20. Kwa hesabu ya kutajwa, makala ya 1948 ilifaulu. Jina la mtu limekuwa jina la ugonjwa, utake nini zaidi? Ila muulize mgonjwa. Zaidi ya miaka 70 imepita na chanzo hakijathibitishwa. Wamesema minyoo, wamesema muhogo, wamesema lishe duni, wamesema udongo. Hakuna kidonge cha kuondoa lile kovu. Kuna upasuaji mgumu, nao kwa wachache.

Linganisha na aspirini. Mwaka 1988 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa ISIS-2: wagonjwa 17,187 waliodhaniwa wamepata shambulio la moyo, hospitali 417. Aspirini ndogo kila siku kwa mwezi mmoja, kwa vile inazuia chembe za damu zisigandane, ilipunguza vifo vya moyo na mishipa kwa karibu robo ndani ya wiki tano. Aspirini hiyo iko hata duka la hapa mtaani. (Usiende kujinywea kila siku bila daktari, inaweza kukutoa damu tumboni.) Shambulio la moyo linaua matajiri pia, kwa hiyo pesa za kuuliza maswali zilipatikana. EMF ni ya watoto wa maskini.

Aliyenirudishia imani ni mwanamke wa pwani hii hii, kusini kidogo: Ana Olga Mocumbi, daktari wa moyo wa Msumbiji. Hakungoja maiti. Yeye na wenzake walikwenda Inharrime, mashambani, wakawapima moyo kwa picha za mawimbi ya sauti watu 1,063 wa rika zote. Mwaka 2008 matokeo yakatoka kwenye New England Journal of Medicine: 19.8% walikuwa na EMF. Soma tena, karibu mtu mmoja kati ya watano! Waliokuwa na dalili ni chini ya robo ya hao, wengine wanatembea tu hawajui. Na walioathirika zaidi ni wa miaka 10 hadi 19. Yaani nyinyi mnaosoma hapa.

Jana nilimsimulia shangazi haya yote. Yeye alikuwa jirani wa yule kijana, ndiye aliyekuwa akimpelekea uji. Alinyamaza muda mrefu, akaendelea kukuna nazi. Halafu akaniuliza, "Hiyo mashine ya kupiga picha moyo, yaweza kuingia botini?"

Nikamwambia siku hizi ziko hata za kutia mfukoni, shangazi.

"Basi mbona haikuja?"