Nani anastahili ukurasa Wikipedia?

Vijana wenzangu, kwenye grupu swali hili linarudi kila mara: mtu au kitu gani kinastahili ukurasa Wikipedia? Wengi wanajibu "mtu maarufu", "mtu mkubwa". Historia yenyewe inaonyesha mambo mengine.

Wikipedia ilianza Januari 2001, ya Kiswahili ikafuata 2003. Mwanzoni mtu alikuwa anaandika tu anachojua. Baadaye, sababu ya watu kujisifu na kutangaza biashara zao, wahariri wakaweka sharti: lazima watu wasio na uhusiano na wewe wawe wamekuandika kwa kirefu, mahali panapoaminika. Gazeti, kitabu, utafiti. Yaani hawapimi ukubwa wako, wanapima maandishi yaliyopo juu yako.

Msilichukie haraka sharti hilo. Bila hilo kila mgombea na kila mganga angekuwa na ukurasa wake. Lakini oneni lilivyomkamata Donna Strickland, mwanafizikia wa Kanada. Mwaka 1985 yeye na mwalimu wake Gérard Mourou walieleza njia ya kuongeza nguvu ya mwanga wa leza, ambayo leo inatumika hata kwenye upasuaji wa macho. Mei 2018 rasimu ya ukurasa wake ilikataliwa: ushahidi hautoshi. Tarehe 2 Oktoba mwaka huohuo akapata Tuzo ya Nobel, mwanamke wa tatu tu katika fizikia tangu 1901. Siku ileile ukurasa ukapatikana. Mama huyu hakubadilika usiku mmoja, ni magazeti ndiyo yaliamka.

Hapa jirani, Nairobi, mwaka 2010, kundi la Just a Band lilitoa video ya "Ha-He", na shujaa wake Makmende akasambaa intaneti nzima. Wakenya wakamwandikia ukurasa kwenye Wikipedia ya Kiingereza. Ukafutwa. Wakaandika tena, ukafutwa tena. Wahariri wa mbali hawakujua kwamba jina hilo watoto wa Nairobi waliitana mtaani miaka mingi. Ulikuja kukaa vyombo vya nje vilipomtaja. Hii inaniuma kidogo, kusema kweli. Mpaka mgeni aseme!

Sasa sisi wakimbizi. Fikirieni Mishamo, hapahapa Tanzania, walikohamishiwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Miaka ya 1980 mwanaanthropolojia Liisa Malkki alienda kukaa nao, akawasikiliza wakisimulia waliyopitia, na 1995 akatoa kitabu, Purity and Exile. Leo yeyote anayeandika juu ya Mishamo ana kitu cha kushika mkononi. Kambi ngapi zina hadithi kama zile, ila hakuna aliyekuja na daftari?

Ripoti za mashirika zipo nyingi, lakini shirika likiandika juu ya mradi wake lenyewe, ni kama mama kumsifia mwanawe. (Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa, msikasirike.) Mwaka 2011 Achal Prabhala wa India alijaribu njia nyingine: yeye na wenzake walirekodi watu wa India na Afrika Kusini wakieleza mambo ya kwao, ili sauti zile zitumike kama chanzo. Haikukubalika kirahisi.

Basi yule mzee wetu aliyefundisha watoto chini ya mti, Nyarugusu ilipofunguliwa 1996? Kwa maoni yangu, tukimfungulia ukurasa leo utafutwa, na hasira zetu hazitausaidia. Kambi yenyewe ndiyo magazeti na watafiti wameiandika, tuanze na hiyo kwa Kiswahili. Yeye tumrekodi sasa: miaka, mahali, vitabu alivyotumia, wanafunzi wake wako wapi. Halafu tumtafute mwandishi wa gazeti aje asikilize mwenyewe. Mzee kifua kinamsumbua mwezi huu. Simu yangu inarekodi vizuri, nahitaji watu wawili Jumamosi asubuhi, mmoja awe anajua Kibembe.