Redio ya Homa Bay Ilikuwa ya Nani?

Mei 1982 mji wa Homa Bay, uliokuwa makao makuu ya Wilaya ya Nyanza Kusini wakati Migori ingali sehemu ya wilaya hiyo, ulipata redio yake. UNESCO ilileta mitambo ya bei nafuu, gharama haikufika dola 25,000, ili kupima kama mji mdogo wa Afrika unaweza kujitangazia wenyewe. Matangazo yalikuwa kwa Kijaluo, saa chache tu kwa siku. Wengi huihesabu kuwa redio ya kwanza ya jamii barani.

Sifa hiyo imezidi kidogo. Mitambo ilitoka UNESCO, na aliyeendesha stesheni ni Sauti ya Kenya, idara ya serikali. Mkazi wa Rongo au Mbita, wilayani humo, alichangia sikio lake tu.

Sauti ya Kenya yenyewe ilikuwa imebadilisha mikono. Mwaka 1961 liliundwa shirika la utangazaji, KBC. Mwaka 1964 serikali ikalitaifisha na kulipa jina jipya, Sauti ya Kenya. Redio ikawa kitu cha kulindwa kama ghala la silaha. Kisha, miezi mitatu baada ya Homa Bay kuingia hewani, tarehe 1 Agosti 1982, wanajeshi wa anga waliteka studio za Nairobi wakamlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela kutangaza kwamba serikali ya Rais Moi imepinduliwa. Mapinduzi yalizimwa siku hiyohiyo. Kiongozi wake, Hezekiah Ochuka, alikuwa Mjaluo.

Mwaka 1984 redio ya Homa Bay ikafungwa. Ni vigumu kuamini kwamba hofu ya 1982 haikuwa na mkono hapo. Aliyeiwasha ndiye aliyeizima, na wasikilizaji hawakuwa na hati yoyote ya kudai.

Sheria ilikuja polepole. Sauti ya Kenya ikarudi kuwa KBC mwaka 1989. Soko la utangazaji lilipofunguliwa, Ramogi FM ya Royal Media Services, kampuni ya S.K. Macharia, ikawateka wasikilizaji wa Kijaluo. Ni marekebisho ya sheria ya mawasiliano ya 2009 yaliyoitenga redio ya jamii na ile ya biashara na ya umma.

Leo kisiwani Mfangano, kaunti ya Homa Bay, kuna redio ya Ekialo Kiona, iliyoanzia kwenye kituo cha jamii cha kupambana na UKIMWI. Inatangaza kwa Kisuba, lugha ambayo Kijaluo kimeimeza kizazi baada ya kizazi.