Mahali pa Kuzaliwa: Safari za Ukoo Wetu na Majina Yaliyokosekana



Kamati ya mkutano imeniomba niandike machache juu ya taarikh ya ukoo wetu, khasa mahali tulipozaliwa, tulipoishi na tuliposafiri. Nimeipokea kazi hii kwa furaha. Katika miaka yote niliyotumikia serikali hapa Maskati, mpaka nilipostaafu, karatasi zilizopita mezani pangu hazikukosa swali hili moja: mahali pa kuzaliwa. Watu wengi hulijibu kwa neno moja. Sisi, tukilijibu kwa ukamilifu, tunajaza kitabu.

PEPO ZA MSIMU

Nasaba iliyohifadhiwa na wazee inamtaja babu yetu mkuu kuwa alizaliwa Ibra, katika Sharqiya ya Omani. Zama hizo njia ya kwenda Unguja ilikuwa jahazi. Vyombo viling'oa nanga bandari ya Sur wakati wa kaskazi, inayovuma takriban Disemba hadi Machi, na kurejea kwa kusi baada ya hapo. Aliyechelewa pepo za kurudi alikaa msimu mzima, na wengi waliokaa msimu mmoja walikaa umri wao wote.

Babu mkuu alifuata njia iliyokwisha kuzoeleka. Seyyid Said bin Sultan alikuwa ameshaifanya Unguja makao ya ufalme wake, na alipofariki baharini mwaka 1856 alikuwa safarini kutoka Omani kurudi huko huko. Mwaka 1861 Omani na Zanzibar zilitenganishwa zikawa dola mbili, lakini barua, mahari na mirathi ziliendelea kuvuka bahari kama kwamba hapakutokea kitu.

Kilichompeleka Pemba ni kimbunga cha mwaka 1872. Kimbunga kile kiliing'oa mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo karafuu nyingi zikawa zinatoka Pemba, na mtu mwenye kutafuta riziki ya karafuu alivuka. Ndivyo jina la Wete lilivyoingia katika vyeti vyetu.

TAWI LA BARA

Mtoto wake wa pili hakuupenda ukulima. Aliingia Bagamoyo, akafuata njia ya misafara hadi Tabora na Ujiji. Njia hiyo ilipitisha pembe za ndovu na, hatuna budi kusema, ilipitisha watumwa. Mashuhuri wake kuliko wote alikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyeitwa Tippu Tip, ambaye alizaliwa Unguja, akatawala biashara mpaka Kasongo huko Kongo, na akarudi kufia Unguja mwaka 1905. Wa kwetu alikuwa mchuuzi mdogo asiyeandikwa na mtu. Alikuwa bado Ujiji reli ilipofika Kigoma mwaka 1914. Wajukuu wake walivuka ziwa hadi Usumbura, mji ulioitwa Bujumbura baada ya uhuru wa Burundi wa mwaka 1962. Kwa hiyo vijana msishangae kuona jamaa zenu wanaochanganya Kiswahili na Kifaransa. Hao ni wenzenu wa damu, na wamekuja mkutanoni kwa haki yao.

NYUMBA MOJA, DOLA TATU

Sasa nitazame nyumba ya baba yangu pale Wete. Mimi nilizaliwa mwaka 1958, Zanzibar ikiwa chini ya himaya ya Uingereza. Ndugu yangu anayenifuata alizaliwa mwisho wa Disemba 1963, siku chache baada ya uhuru wa tarehe 10, wakati Zanzibar ilipokuwa dola huru yenye Sultani wake. Mdogo wetu alizaliwa mwaka 1965, ndani ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Chumba kimoja, mkunga mmoja, dola tatu.

Baina yao yalipita Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Sikusudii kufungua vidonda katika kitabu cha furaha, kwani kila nyumba inajua ilichopoteza na nani ilimzika. Inatosha kusema kwamba baada ya hapo tulitawanyika: wengine Mombasa, wengine Dubai, wengine Uingereza. Sultan Qaboos aliposhika utawala tarehe 23 Julai 1970, aliwaita Waomani waliokuwa nje warejee kuijenga nchi, na jamaa zetu waliitikia, walimu, wauguzi na makarani. Mimi nilikuja mwaka 1983, mtu mzima mwenye kazi yake. Watoto wangu wamezaliwa Maskati, na wajukuu London na Toronto.

MAJINA YALIYOKOSEKANA

Hapa ndipo ninapotaka kusema lile lililonikalia moyoni. Nimeisoma nasaba yetu mara nyingi. Inapanda kutoka kwangu majina kumi na moja, baba baada ya baba, na kwa wengi imetaja walipozaliwa na walipozikwa. Hamna mama hata mmoja.

Babu mkuu aliwasili bila mke. Watoto wake wote wanne walizaliwa Pemba na mwanamke mmoja ambaye wazee walimwita Mnyasa, basi. Neno hilo dogo linatupa safari nzima. Watu wa pande za Ziwa Nyasa walioletwa pwani kwa nguvu walipitishwa njia ya Kilwa, wakapakiwa vyomboni, na wengi wakafikishwa soko la Mkunazini. Soko lile lilifungwa mwaka 1873. Mwaka 1897 sheria iliondoa utumwa Unguja na Pemba, lakini masuria hawakuhesabiwa ndani yake, wakangoja mpaka mwaka 1909. Bibi yetu alikuwa suria. Wanawe walizaliwa huru, walirithi sawa na mtoto yeyote wa ndoa, na walichukua nisba ya baba yao. Heshima hiyo waliyoipata wao ndiyo iliyomfunika yeye.

Wapo waliokwisha kuyaandika mambo haya kabla yetu. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kuolewa na Mjerumani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1886 kuwa mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyetekwa angali mtoto. Shaaban Robert naye, katika wasifu wa Siti binti Saad wa Fumba, hakuficha kuwa baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua. Ikiwa binti wa mfalme na malkia wa taarab wametajwa kwa mama zao, sisi tunaogopa nini?

Najua jibu. Katika posa huulizwa asili, na wako wazee wetu wanaoona kuwa kufukua haya ni kuwaharibia vijana. Ninawaheshimu, na baadhi yao ni wakubwa wangu kwa umri na elimu. Lakini aibu ya kuuza mtu ni ya muuzaji na mnunuzi. Aliyeuzwa hana aibu ya kuficha. Na mnunuzi katika habari hii ni babu yetu, ambaye tunamwombea rehema kila mwaka. Tukikubali kurithi jina lake, tukubali kuirithi habari yote. Kila aliyetoka kwa wale watoto wanne ana fungu la bibi sawasawa na fungu la babu.

OMBI LANGU

Mwisho wa kitabu hiki Kamati imeweka karatasi ya kila nyumba. Tafadhali ijazeni kabla hatujaagana. Andikeni jina la mji kama lilivyokuwa siku ile na kama lilivyo leo, Usumbura na Bujumbura. Andikeni safari zote, hata iliyodumu mwaka mmoja. Mwandikeni aliyewahadithia. Na katika kila mstari, anzeni na mama: jina lake, na alipozaliwa.

Amebaki mtu mmoja tu katika ukoo aliyelelewa na binti wa mwisho wa yule bibi. Ni shangazi yetu wa Wete, ambaye amekwisha kupita miaka 90. Nilimpigia simu nikamuuliza. Alisema jina alilopewa bibi hapa pwani analijua, na jina la kwao pia aliwahi kuambiwa. Nilipomwomba anitajie, alikataa. Alisema jina la mtu halitupwi simuni, na anayelitaka aje akae mkekani, aulize kwa adabu, ataambiwa.

Nimekwisha kukata tiketi ya mwezi ujao. Nafasi mbili za vijana ziko wazi, mmoja wa tawi la pwani na mmoja wa tawi la Bujumbura, na nauli yao nitaichangia. Anayetaka aniambie kabla ya chakula cha usiku wa leo.