Taa za ndani ya bwawa la kuogelea (ufungaji wa umeme)

Taa za ndani ya bwawa ni taa zinazofungwa chini ya usawa wa maji, aghalabu katika kidaka kilichoachwa ukutani wakati wa ujenzi. Ufungaji wake una kanuni za peke yake: kiwango cha kimataifa IEC 60364-7-702, sehemu ya 702 ya BS 7671 nchini Uingereza, na ibara ya 680 ya kanuni ya umeme ya Marekani, NEC. Tarakimu zake hutofautiana, lakini zote hupanga kinga kadhaa moja nyuma ya nyingine.

Hatari

Ngozi ikilowa hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuzuia umeme. Mkondo wa takriban miliampea 10 hukaza misuli kiasi cha mtu kushindwa kujinasua. Kwa aliye majini, hilo latosha kumzamisha hata kama moyo haujaguswa.

Kanda

IEC hugawa eneo la bwawa katika kanda tatu. Kanda 0 ni ndani ya bwawa lenyewe, vidaka vikiwemo. Kanda 1 hufika mita 2 kutoka ukingoni na kimo cha mita 2.5, kanda 2 huongeza mita 1.5 mbele yake. Katika kanda 0 taa hutumia umeme usiozidi volti 12 za AC au volti 30 za DC, nayo huwa na daraja la IPX8, yaani imeundwa kukaa majini muda wote.

Transfoma

Volti 12 peke yake si salama. Muhimu ni zinakotoka. Transfoma ya usalama ina koili mbili zilizotenganishwa kabisa. Ile yenye koili moja inayotumika pande zote mbili nayo yaweza kutoa volti 12, lakini ikiharibika huweza kuachia umeme wote wa gridi kuelekea bwawani. Upande wa volti 12 hauunganishwi na ethi.

Transfoma hukaa mbali na maji, na umbali huo una gharama. Taa ya zamani ya wati 300 kwa volti 12 huvuta ampea 25, hivyo waya mwembamba mrefu hula sehemu kubwa ya volti na taa ikafifia. LED ya wati 18 huvuta ampea 1.5 tu, ndiyo maana imerahisisha kazi.

Kikata umeme

RCD hulinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi, na hukata umeme tofauti ikifika miliampea 30. Kifaa cha aina hiyo cha Marekani hukata kwenye miliampea 5 hivi. Chanzo chake ni kazi ya Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1961. RCD iliyo kabla ya transfoma haioni uvujaji wa upande wa volti 12, kwa hiyo haichukui nafasi ya transfoma ya usalama.

Kuunganisha vyuma

Ngazi, vishikio, nondo za zege na vyuma vya pampu huunganishwa pamoja kwa waya wa shaba. Lengo ni vyote viwe na volti sawa, ili aliyeshika ngazi huku miguu ikigusa sakafu asigeuke njia ya umeme kati ya viwili hivyo.

Kidaka na waya

Waya wa ziada huviringwa nyuma ya taa, fundi apate kuivuta hadi ukingoni bila kumwaga maji. Hapawi na kiungo cha waya majini. Maji huweza kupanda taratibu ndani ya ganda la waya hadi kwenye kisanduku cha maungio, kwa hiyo mwingilio wake kwenye taa huzibwa kwa gundi maalumu. NEC hutaka kisanduku hicho kiwe angalau mita 1.2 kutoka bwawani, na juu ya usawa wa juu kabisa wa maji.

Ukaguzi

Umeme wa gridi unaoingia kwenye transfoma ni volti 230 Tanzania na 240 Kenya. Mafundi hupewa leseni na mamlaka za nishati, EWURA nchini Tanzania na EPRA nchini Kenya. Mwendelezo wa waya zinazounganisha vyuma hupimwa kabla nondo hazijafunikwa kwa zege, maana baada ya hapo kiungo kilicholegea hakifikiki ila kwa kubomoa.